Msamaha wa Saa Nne na Nusu

Mratibu wa mradi alimtazama Mama Pasi kuanzia kola hadi viatu, akatikisa kichwa.

"Mama yangu, umependeza kupita kiasi. Wageni watafikiri nimeazima mke wa mkurugenzi."

Gauni lilikuwa la maua madogo, limenyooshwa kwa pasi ya mkaa mpaka mikunjo ya mikono imesimama kama ukingo wa karatasi. Kunyoosha nguo za watu ndiyo kazi iliyompa jina, na hakuona sababu ya yeye kutembea na makunyanzi. Lakini Mratibu alikuwa ameshafungua kabati la nyuma ya ofisi, lile la mabango na bendera ndogo, akatoa gauni la kahawia lililochanika begani. Mama Pasi alilijua. Lilikaa humo tangu ugeni mmoja hadi mwingine bila kufuliwa, na kwapani lilinuka jasho lake mwenyewe la miezi mitatu iliyopita.

Alilivaa. Mratibu aligeuka ukutani kwa adabu, akawa anasoma ratiba aliyoiandika mwenyewe. Saa tatu na nusu, Kupokea Wageni. Saa nne, Chai. Saa nne na nusu, Msamaha. Saa tano, Kutembelea Karakana.

Kifungua mimba wake, mpakua mizigo sokoni, aliuawa miaka mitatu nyuma kwa sababu alikataa kulipa genge kodi ya kubebea magunia mgongoni mwake mwenyewe. Waliomchoma kisu walikuwa wanne. Mmoja wao, anayeitwa Kobe kwa jinsi anavyoficha shingo mabegani, alikuja mwenyewe baada ya miezi mingi, akasimama mbele ya meza ya pasi, akasema, "Mama, na mimi nilikuwepo." Mama Pasi aliendelea kuisukuma pasi juu ya kola ya mtu mpaka ikaungua. Kisha akasema, "Nimesikia. Kaa kitako, umesimama kama mgambo." Wakakaa. Hapakuwa na shahidi, wala hakuna aliyelia. Kobe alipojiunga na mradi wa kuwatoa vijana kwenye magenge akaisimulia habari ile, na Mratibu akainua kalamu. Tangu siku hiyo Mama Pasi alikuwa amemsamehe mara kumi na moja nyingine, kwa kipaza sauti.

Kobe mwenyewe alikuwa mlangoni ndani ya ovaroli ya buluu yenye maandishi ya mradi mgongoni. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Tutakula wageni wakishakula."

Mama Pasi alifunga kifungo cha mwisho. "Mratibu, kabla sijatoka. Habari ya mwanangu."

"Si tulishaongea?"

"Mara nne. Wewe unaongea, mimi nasikiliza. Leo tubadilishane."

Mwanawe aliyebaki, Kitinda, alikuwa na miaka kumi na minane na urefu wa kugusa kenchi za paa. Kila jioni vijana wa genge walimsubiri kwenye bomba la maji. Walimpa hadi mwezi uishe awe amejiunga nao. Mtaani kila mtu alijua kwamba aliyevaa ovaroli ya mradi haguswi. Yalikuwa makubaliano, hakuna ajuaye yaliandikwa wapi wala nani alikula nini siku yalipoandikwa. Alichotaka mama ni ovaroli moja tu.

"Nafasi ni za vijana wa magenge," Mratibu alisema, taratibu, kwa ile sauti ya kumpa mtoto dawa. "Mwanao hayumo."

"Wanamsubiri kila siku."

"Anasubiriwa. Hajaingia. Kwenye fomu hakuna mahali pa kuandika anasubiriwa."

"Kwa hiyo aingie kwanza."

"Mimi sijasema hivyo, mama, usininukuu vibaya." Alitazama mlangoni, akashusha sauti. "Ninasema vigezo. Wafadhili wanataka ushahidi. Kijana awe na rekodi polisi. Hata ndogo. Hata kulala ndani usiku mmoja, jina likaandikwa kitabuni, basi."

"Mimi nilikaa siku tisa," Kobe alisema.

"Wewe ulikuja umekamilika," Mratibu akamjibu, na uso wake ukang'aa kama wa fundi anayesifia mbao zilizokauka vizuri.

Wageni walikuwa sita, kila mmoja na chupa yake ya maji. Kobe alipiga magoti juu ya saruji. Mama Pasi aliweka mkono juu ya kichwa chake, akasema maneno aliyozoea kuyasema, akamwinua, wakakumbatiana. Masikioni mwake Kobe alinong'ona, "Mama, yule sajini unayemnyooshea sare. Mwambie amwandike tu Kitinda, asubuhi amtoe."

Mgeni mmoja alijifuta machozi kwa karatasi laini. Mwingine, mwenye kamera, alizungumza na Mratibu, na Mratibu akageuka akiwa anatabasamu kwa meno yote.

"Mama yangu, samahani kidogo. Kamera ilikuwa haijawaka. Mnaweza kurudia?"

Kobe akapiga magoti tena.

*

Sajini alikuja Jumatano na sare mbili begani. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye mazoea ya kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kusimulia mambo ya kituoni kana kwamba ni ya nyumba ya jirani. Alipoelezwa anachotakiwa kufanya alicheka mpaka ndoo ikalia.

"Watu wanakuja kwangu wakilia nifute majina ya watoto wao. Miaka ishirini na mbili kazini, wewe ndiye wa kwanza kuniomba niandike."

"Usiku mmoja, Sajini. Asubuhi unamtoa na karatasi yake."

"Sasa kosa gani? Tunayo mengi." Alihesabu kwa vidole, kama muuza vitambaa. "Uzururaji. Kelele. Kukataa kutii amri halali, hilo zuri, linakaa popote."

"Lililo dogo kabisa."

Kitinda alikuwa amechutama kando, anapuliza mkaa. Alikuwa ameshaambiwa jana, akala, akasema sawa. Sasa aliinua uso wenye majivu puani. "Sajini, niandikie lenye heshima kidogo. Uzururaji ni kosa la mbuzi."

"Huyu mtoto ana mdomo," alisema Sajini kwa furaha. "Njoo saa kumi. Uje na sweta, kule ndani sakafu haina huruma."

Saa kumi kijana alikwenda kwa miguu yake, sweta mkononi, na mama yake alimtazama mpaka alipopinda kona. Akarudi mezani. Sare za Sajini zilikuwa zimeshakauka, akazinyunyizia maji tena na kuanza na suruali.

*

Asubuhi kaunta ya kituo ilikuwa na askari mwingine, msichana mwenye mafua. Alipekua kitabu. "Huyu hatoki leo."

"Nimeelewana na Sajini."

"Sajini yuko mapumziko. Kaa pale."

Alikaa pale siku nzima, akaondoka, akarudi kesho yake kabla hawajafagia. Saa sita mchana mlango wa ndani ulifunguliwa, Kitinda akatoka bila viatu. Mkono wa kulia aliuzungushia sweta. Uso ulikuwa salama, na mama akashukuru, kwa sababu alikuwa bado hajaona mkono.

Alimsimulia njiani, kipande kipande, akisimama kila mara kama mzee. Sajini alimwandika vizuri, akamwonyesha pa kulala, akaondoka zamu yake ilipokwisha. Baadaye kilikuja kikosi kutoka makao makuu, kile cha kupambana na magenge, kikauliza nani kaingia leo. Wakamtoa yeye na wengine wawili. Walitaka majina ya wenzao.

"Wale wawili ni wa genge kweli, mama. Walitaja watu, wakapewa chai, wakaenda kwao." Alisimama tena. "Mimi sikuwa na wa kumtaja. Wakasema mimi ndiye sugu, ndiye mkubwa wao, ndiyo maana nanyamaza."

"Ungetaja tu. Ungetaja yeyote."

"Nilitaja. Niliwatajia timu nzima ya mpira ya darasa la saba. Wakaandika, halafu wakagundua golikipa alishakufa." Aliuinua mkono uliofungwa sweta. "Ilikuwa droo ya meza. Wanaweka mkono ndani, wanaifunga."

Zahanati walimfunga vidole vitatu kwenye vijiti, vikasimama mbele ya mkono kama meno ya uma. Tabibu aliuliza imekuwaje, akaambiwa, akaandika *ameanguka*.

Jumamosi Sajini alikuja kuchukua sare. Hakukaa kwenye ndoo. "Mama Pasi, mimi zamu yangu ilikwisha saa kumi na mbili. Wale si watu wangu."

Mama Pasi aliendelea kusukuma pasi. Sare zilikuwa zinaning'inia kwenye msumari, zimenyooka, na vifungo vinang'aa. Alikuwa amezimaliza usiku ule wa kwanza mwanawe alipokuwa ndani. Sajini alizitoa mwenyewe, akasimama kidogo, akaondoka nazo.

*

Mratibu aliishika nakala ya polisi kwa mikono miwili, akaisoma mara mbili.

"Lakini uliniambia uzururaji, na hapa hawakuandika hivyo."

"Kikosi kilibadilisha."

"*Anashukiwa kuwa kiongozi wa genge.*" Akaweka karatasi mezani na kuilainisha kwa kiganja. "Mama yangu. Kiongozi. Tangu tuanze hatujawahi kumpata kiongozi. Sasa hapa tuna kitu."

"Si kiongozi wa chochote. Unamjua. Alikuwa anakuja hapa kunisubiri getini."

"Mimi najua, wewe unajua. Lakini karatasi imeshasema." Aligonga muhuri, mara moja, kwa nguvu. "Amefikia vigezo. Wageni wanakuja Alhamisi, wale wakubwa. Mkono utapona."

"Daktari anasema viwili havitakunjika tena."

"Basi tumshukuru Mungu ni mkono, si kichwa," alisema Mratibu, na akamwita mtu alete ovaroli ndefu.

Jioni hiyo kwenye bomba la maji vijana wa genge walimzunguka Kitinda, wakamtazama mkono, wakaugeuza huku na huku kama mbuzi mgonjwa mnadani. Mmoja akasema huyu hata panga hawezi kushika. Wakamwambia achote maji aende zake. Katika ripoti ya robo mwaka Mratibu aliandika kwamba kijana ameachana na genge.

Alhamisi, saa tano, wageni waliingia karakana. Mashine ya kuchomelea ilikuwa moja, imeletwa asubuhi kwenye mkokoteni na mwenye mashine alikuwa anaisubiri nje, chini ya kivuli cha ukuta, airudishe dukani. Vijana kumi na wanne walijipanga kuizunguka wakiwa na ovaroli zinazofanana. Waliambiwa wasijibu maswali marefu.

"Huyu ndiye," Mratibu alisema. "Kiongozi. Mwezi mmoja tu uliopita alikuwa anatisha mtaa mzima."

Wageni walimsogelea kwa hatua za tahadhari. Mama mmoja mwenye nywele nyeupe alimuuliza anajisikiaje sasa baada ya kuokolewa. Kitinda aliangalia Mratibu, akaangalia mama yake aliyewekwa upande wa kushoto, akasema, "Vizuri."

Mwenye kamera alitaka picha yenye cheche. Glavu kubwa ya ngozi ilisukumwa juu ya bandeji na vijiti. Kitinda aliuma mdomo, jasho likamtiririka kidevuni, na mtu akamshushia kinga usoni haraka. Kishikio cha mashine kiliwekwa kwenye kiganja chake, kikaanguka. Kikawekwa tena, kikaanguka. Ndipo Kobe akatoka kwenye mstari bila kuambiwa, akasimama nyuma yake, akapitisha mikono yake chini ya kwapa za kijana, akamfunga kishikio kiganjani kwa vidole vyake mwenyewe na kuuinua mkono ule mpaka kwenye chuma.

"Usitetemeke," mwenye kamera alisema. "Kijana wa nyuma, inama kidogo, usionekane."

Cheche ziliruka. Mama Pasi aliangalia sakafu. Katika ile glavu vidole vitatu vilibaki vimenyooka, havikunjiki, vinaelekea kwa wageni, vikipanda na kushuka kwa maumivu. Yule mama mwenye nywele nyeupe akadhani anapungiwa mkono. Akatabasamu, akainua wa kwake, akampungia.