Maua ya Bure Juu ya Keki

Mimi watu huniita Mkono wa Birika, na sijawahi kukataa. Siku mdogo wangu alipoleta habari za kuolewa nilisema wazi: ndoa haianzi kwa madeni, na anayetaka kununa anune. Mama alitufia huyu mtoto hajang'oka hata meno ya utoto. Nimemlea kwa cherehani hii hii, na harusi yake ningeipanga mimi, si mama mkwe wake na mapete yake.

Nikapanga kweli. Gauni nililishona kwa kitambaa cha pazia, cheupe, kizito, na asiyeambiwa asingejua. Mialiko tuliiandika kwa mkono. Ukumbi ulikuwa wa shule, chupa za jemu zikawa za kuwekea maua, na mabaki ya vitambaa nikayakata utepe wa kufungia viti. Keki niliioka mwenyewe, ghorofa tatu, nikachomeka maua mabichi juu yake. Maua ya dukani, bei yake utadhani yamepandwa mbinguni! Mimi nilichuma kwenye uzio wa miti nyuma ya gereji, ile yenye majani membamba marefu na maua ya pinki. Imestawi miaka yote kwa sababu mbuzi hawaigusi. Sikujiuliza kwa nini mbuzi, anayekula mpaka magazeti, aipite ile miti.

Basi keki ikakatwa. Bwana harusi akamlisha bibi harusi, bibi harusi akamlisha bwana harusi, vigelegele juu. Mdogo wangu akashika maikrofoni, akasema, "Kaoka dada yangu hii, nipeni tena!" Akala kipande cha pili. Watu wakacheka, mimi nikalia kwa furaha.

Nikiwa bado nafuta machozi, jirani yetu nesi akanijia. Ameshika ua moja kwa kitambaa cha karatasi.

"Dada, haya maua umeyatoa wapi?"

"Sikwambii, utaenda kuyamaliza."

Hakucheka. "Yana sumu haya. Jani, ua, shina, mpaka maji yake. Yanashika moyo."

"We! Leo siku ya kutaniana?"

"Umechomeka shina ndani ya keki yenyewe?"

Jasho jembamba likanitoka. Nilimtazama mdogo wangu kule mbele, anajifuta krimu kwenye mdomo, anamcheka mumewe. Mashangazi walikuwa tayari wanapita na sinia, wanagawa vipande kwa watoto na wazee. Nikikaa kimya nitaua watu, nikisema nitaivua familia nguo mbele ya wakwe. Kisha nikamnyang'anya mshereheshaji maikrofoni.

"Keki isiliwe! Wekeni chini!"

"Ina nini?" mama mkwe akauliza.

"Ina sumu. Nimeitia mimi."

Mshereheshaji akarudi nyuma hatua mbili. Hapo ndipo niliposikia nilivyosema. "Sikukusudia!" nikapiga kelele. "Ni maua! Ni hayo maua!"

Mama mkwe alimpokonya dada yake sahani mkononi, akaitupa chini. "Nilisema tununue," akasema, "nilisema!" Nesi akapita meza kwa meza kukusanya sinia. Bahati yetu, hakuna mwingine aliyekuwa ameonja.

Maharusi tukawapakia kwenye gari lile lile la harusi. Mdogo wangu akawa anasema yuko sawa, tusimharibie siku yake. Mimi nilishika kifundo cha mkono wake natafuta mapigo, na siyajui mapigo yanatafutwaje. Mungu, nilisema, nimemtunza muda wote huu, usiniambie nimemuua kwa ubahili. Tumbo lilinipanda mpaka kooni nikalimeza. Taa za barabarani niliziona zote za manjano, na moyo ulikuwa unaruka, unasimama, unaruka tena. Nikasema hiyo ndiyo hofu, acha nayo.

Hospitali walitaka kumbandika nyaya kifuani, na gauni nilikuwa nimelibana mgongoni kwa vifungo vidogo vidogo. Muuguzi akahangaika navyo.

"Kata!" nikamwambia.

"Dada, gauni langu!"

"Nimesema kata!"

Mkasi ukapita katikati ya kazi yangu yote. Daktari akasoma karatasi ya mashine, ya mke kisha ya mume, polepole, mpaka nikatamani kumtikisa. Mwisho akasema mapigo yao yako vizuri. Watalala pale waangaliwe, lakini yeye haoni hatari. Nikashika ukuta. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, bila aibu.

"Nani mwingine amekula?" daktari akauliza.

"Hakuna."

Mdogo wangu akainua kichwa. "Dada. Maua uliyachomeka lini?"

"Jana. Yakanyauka, leo asubuhi nikaweka mengine."

"Na pale yalipokuwa ya jana?"

"Palikuwa pamelowa maji ya mashina. Nilipakata, nikapaka krimu upya."

"Vipande ulivyokata ukavitupa?"

Aliyekulia mikononi mwangu anajua kama kuna kitu kimewahi kutupwa ndani ya nyumba ile.

"Nilinywea chai," nikasema.

Daktari akanigeukia, akanitazama usoni kama ndiyo kwanza ananiona. "Kiasi gani?"

"Vyote." Nikataka kueleza kwamba ni hofu tu, lakini sakafu ikanijia usoni.

Nilipofumbua macho nilikuwa kitandani, nyaya kifuani mwangu, na mashine inalia kwa kukosea kosea. Mdogo wangu alikuwa ametoroka kitanda chake. Amesimama peku, gauni limeshikwa kwa pini nyuma.

"Mtu mzima!" akanifokea huku analia. "Kipande kimelowa, huwezi kutupa? Ungepungukiwa nini? Ukifa mimi ninabaki na nani? Mume nimempata leo. Mama nilikuwa nao wawili, na mmoja alishakwenda!"

Hajawahi kuniita hivyo hata siku moja.

Daktari akaingia, akasema mapigo yangu yanashuka. Dawa yake ipo, lakini si ya hapa, inabidi iagizwe mjini, na ni ghali sana. Mdogo wangu akaninyooshea kidole.

"Usithubutu kuuliza bei."

Sikuuliza. Nilikuwa naogopa kufa, na nilimshika mkono nikamwambia daktari ailete upesi.