Kiti cha Winchi

Asubuhi ya siku ya kupimwa, Winchi alikunywa chai akiwa amekaa kwenye kiti alichotengenezewa na seremala wa nyumba ya pili. Kilikuwa na miguu ya vyuma vya geti na ubao uliotoka kwenye mlango wa zamani. Uzuri hakikuwa nao hata chembe, ila ndicho pekee kilichomhimili. Vya plastiki alishavimaliza, kikabaki kimoja tu, cha mkewe, na hicho alikatazwa hata kukiegemea. Mkewe alimpigia pasi shati jeupe, akamtazama anavyolivaa, akasema kola imekaa upande. Kola haikuwa na kosa. Bega ndilo lililolala, kwa sababu Winchi alikuwa na gunia la nafaka begani, na gunia lenyewe halikuonekana.

Habari za gunia zilijulikana mtaa mzima, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kuzisikia tena. Winchi alikuwa mchukuzi kwenye ghala la nafaka, na jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu alinyanyua mzigo peke yake bila kuomba wa kumtwika. Ghalani kulikuwa na desturi moja ambayo wachukuzi waliishika kuliko masharti yote yaliyobandikwa ukutani: hakuna kutua mzigo mpaka karani wa hesabu aseme, "Tua." Karani anaweza kuwa anatafuta kalamu, au anapiga chafya, au anabishana na dereva wa lori, wewe utasimama na gunia lako, jasho likikuingia machoni. Anayetua kabla ya neno, gunia lake halihesabiwi, na wenzake watamfanya kichekesho mpaka achoke.

Sasa siku moja Winchi alikuwa amesimama mbele ya karani, gunia begani, alipotokea mtu wa ofisini akamwambia karani kwamba kazi yake imekwisha, akabidhi kalamu aende nyumbani. Kumwaga unga ndiko huko. Karani akakabidhi kalamu, akachukua koti lake, akaondoka bila kumuaga mtu, na lile neno akaondoka nalo. Winchi akangoja. Wenzake walipoona anataka kuanguka walimshusha lile gunia, wakalipanga na mengine, na kila mtu aliliona limelala pale. Uzito ulibaki begani. Usiku ule, alipopanda kitandani tu, chaga zikakatika. Mkewe aliyaburuta magodoro sakafuni akasema, "Nilijua tu iko siku utaileta hii kazi nyumbani."

Walijaribu kumtua, msidhani walikaa tu. Mkewe alisema tua, binti yao akasema tua, seremala akasema kwa sauti ya sajenti hadi kuku wakakimbia. Wapi! Neno lilitakiwa litoke kwa karani wa ghala lile. Yule wa zamani, mpaka wanapata anapoishi, walikuta ameshazikwa. Wa sasa alikuwa kijana mstaarabu, na alimtazama Winchi kwa huruma ya kweli.

"Mzee wangu, mimi ningekutua hata sasa hivi," alisema. "Ila wakubwa wamekataza. Wanasema tukikutua leo, tutakuwa tumekubali kwamba siku ile hatukukutua."

Na kwa kuwa wakubwa hawakutaka yaleyale yajirudie, walilipiga marufuku neno lenyewe. Tangu hapo kila mchukuzi alishusha mzigo kivyake, kimyakimya, na karani aliandika tu. Haukupita muda mrefu wachukuzi wa zamu zote wakaanza kutembea wameinama. Ofisi ilisema ni vumbi.

Ikabaki posho ya ulemavu. Mkewe alikuwa akifua nguo za watu, na vidole vyake vilishaanza kuchubuka. Binti alikuwa darasa la mwisho, na mwalimu mkuu alikuwa amesema waziwazi kwamba yule mtoto ni wa kusoma unesi, mkimtoa shule nitawashangaa. Ghala nalo lilikuwa limetuma salamu: nafasi ya Winchi bado iko wazi, na kwa kuwa ghala lilijiona kama familia, lilikuwa tayari kumpokea mtoto wake. Posho ikitoka, binti angebaki darasani. Isipotoka, angekwenda ghalani. Hakukuwa na mlango wa tatu.

Binti ndiye aliyemsindikiza. Jengo la serikali lilikuwa na lifti, lakini Winchi alipoweka mguu mmoja tu ndani, lifti ililia na kugoma kufunga milango. Mlinzi aliitazama, akamtazama Winchi.

"Una mzigo?"

"Ninao."

"Basi ngazi zile pale."

Alipanda taratibu, mkono mmoja ukutani na mwingine kwa binti yake, akitweta kama mvukuto. Vigae viwili vilipasuka chini ya kisigino chake, naye akamwomba radhi mfagiaji. Ghorofani kulikuwa na viti vya plastiki vimejaa watu waliokuja kupimwa. Palikuwa na mama mmoja aliyekuwa amepoteza kivuli chake kiwandani, na mwanamume ambaye masikio yake yaliendelea kusikia mashine hata usiku. Winchi aliwasalimu, akasimama pembeni. Kila kiti kilipoachwa wazi watu walimkaribisha, naye akasema asanteni, nipo sawa.

Daktari alimpandisha kwenye mizani. Sindano ilizunguka mpaka mwisho, ikagonga, ikakaa hukohuko. Daktari hakustuka. Alimpima presha, akamwambia avute pumzi, akaliminya lile bega hadi Winchi akauma meno.

"Ukiondoa gunia," alisema daktari, "huna tatizo lolote."

"Ndilo tulilolifuata hilo gunia, daktari," alisema binti.

"Kuliondoa si kazi yangu. Yangu ni kulithibitisha." Akathibitisha, akapiga muhuri.

Ofisa wa posho alikuwa mwanamke mpole mwenye chupa ya chai na kitambaa cha kufuma mezani. Alimwamkia Winchi shikamoo, akamuuliza za nyumbani, akamwonea huruma kwa jua la siku hizo. Kusema kweli hakuna aliyemkosea Winchi adabu siku ile, kuanzia mlinzi hadi juu. Kisha ofisa akavaa miwani.

"Umefikaje hapa, mzee wangu?"

"Kwa miguu, mama."

"Na humu ndani ulipanda lifti?"

"Ilinikataa. Nimepanda ngazi."

"Na gunia?"

"Na gunia. Si hili hapa?"

Ofisa alipaangalia mahali gunia lilipokuwa, akatikisa kichwa kwa heshima. "Hukulitua hata kidogo njiani?"

Hapo ndipo palipoharibika. Mtu mwingine yeyote angesema nilipumzika, nilikaa chini, niliomba maji, nilitambaa. Na angekuwa hajasema uongo, kwa sababu Winchi alikuwa amesimama kwenye kila kituo cha ngazi, na katikati pale machozi yalimtoka. Lakini mchukuzi ukimuuliza kama ametua njiani, umemtukana. Winchi alijikuta amenyoosha mgongo.

"Mimi?" alisema. "Sijatua mzigo njiani tangu nianze kazi. Waulize wenzangu."

Binti alimfinya, lakini alishachelewa.

"Hongera sana," alisema ofisa, na alimaanisha. Akaandika. "Sasa, mzee wangu, posho hii ni ya mtu asiyeweza kufanya kazi. Kazi yako ni ipi?"

"Kubeba magunia."

"Na hivi sasa unafanya nini?"

Winchi alilitazama bega lake.

"Unabeba gunia," alisema ofisa taratibu, kama mtu anayempa mwenzake habari njema. "Usiku na mchana, bila likizo. Katika wote waliopita mbele yangu leo, hakuna anayefanya kazi kama wewe."

"Sasa anayemlipa ni nani?" aliuliza binti.

"Hilo ni suala la ajira, mwanangu. Ajira wako jengo lingine." Akafunika kalamu. "Asiporidhika anaweza kukata rufaa. Rufaa wako ghorofa ya juu kabisa, ila lazima aje mwenyewe, kwa miguu yake, ndipo waone hali yake."

Walishuka. Kushuka kulikuwa kubaya zaidi, kwa sababu gunia lilimsukuma mbele. Winchi alikuwa na aibu kuliko maumivu, na kwenye kituo cha mwisho alisema, "Nimekuponza, mwanangu. Mdomo wangu huu."

"Hukuniponza, baba," alisema binti. Alikuwa analia, na hakujificha. "Ulisema kweli."

Jumatatu binti alikwenda ghalani. Usiku wa kuamkia siku hiyo baba yake alimfundisha namna ya kupokea mzigo: kunja magoti, usikunje kiuno, bana pumzi, iachie ukishasimama. Alimpa kitambaa chake cha begani, mama yake akakifua na kukikausha juu ya jiko. Sare ya shule aliikunja akaiweka chini ya magodoro, mahali ambapo mtu asingeikanyaga bila kukusudia.

Jioni alirudi na vumbi kwenye kope. Alisalimia, akanawa, akaja kukaa kwenye kiti cha mama yake, kile cha plastiki. Miguu ya kiti ilitanuka pande zote nne, ikakatika kwa pamoja, naye akajikuta sakafuni akiwa bado ameshika bakuli lake. Chakula hakikumwagika. Mama yake alimtazama begani kwa muda mrefu. Winchi aliinuka kwenye kiti chake cha vyuma, akakisogeza kwa binti, akaenda kusimama ukutani.

Mama aliokota vipande vya plastiki, akajifunga khanga, akaenda kwa seremala kabla hajafunga.

"Kile kiti cha mume wangu," alisema. "Tunataka kingine."

"Kipana vilevile?"

"Chembamba kidogo. Ni cha mtoto."

Seremala hakuuliza zaidi. Nyuma yake viti vya miguu ya vyuma vya geti vilikuwa vimepangwa hadi ukutani, vingine havijapigwa msasa, kila kimoja na alama ya chaki ya nyumba yake. Alimwambia aje Alhamisi, kuna watu mbele yake.

Mpaka Alhamisi, baba na binti walikaa kwa zamu. Na zamu ya baba ilipofika, mara nyingi alisema hajachoka.