Baron Kutu Upande wa Pili wa Ukuta

Mume wangu Jeannot na mama yangu mzazi walikaa nyumba moja tangu mvua za kwanza mpaka zilipokwisha bila kusemezana hata neno, na hawakuwa na ugomvi wowote. Kwetu sisi watu wa mto Luapula hiyo ndiyo heshima ya ukwe. Mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawaongei, mpaka siku mama mkwe atakapompikia mkwewe chakula cha kumwingiza, kuku mzima na pombe, ndugu wakishuhudia. Mama alikuwa bado katika matanga ya baba, na mjane hapiki karamu. Basi tukangoja.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili mjini, mtaa wa Kamalondo. Ukuta wa katikati haukufika kwenye mabati, kwa hiyo aliyekohoa chumba cha nyuma alisikika chumba cha mbele, na aliyenong'ona pia. Mama alilala nyuma. Alipokuwa na jambo la kumwambia mkwewe, alimwambia kuku wake aliyekuja naye kutoka Kasenga.

"We kuku," angesema, "bati ya juu ya mulango inavuya. Utalowana."

Kesho yake Jeannot yuko juu ya nyumba na kopo la lami. Naye akitaka kujibu, alisema na fagio.

"Fagio, kuko dawa ya kifua pa meza. Muntu mwenye kukohoa anywe asubui na mangaribi."

Mimi nilikuwa katikati yao, mtu mzima mwenye akili timamu, nikisikiliza mazungumzo ya kuku na fagio. Siku nyingine nilicheka mpaka mbavu zikauma, siku nyingine nilitamani kuwafungia wote wawili chooni.

Jeannot alikuwa fundi wa mitambo kwenye kampani ya shaba. Mwaka ule serikali ilikuwa imeamuru tuitane citoyen na citoyenne, yaani raia, na majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa. Kwenye kitambulisho aliandikwa Mwape, lakini mimi sikuolewa na kitambulisho. Kazini alipambana na kutu kutwa nzima, kwa brashi na mafuta. Labda ndiyo sababu alimpenda Baron Rouille, ambaye nyumbani tulimwita Baron Kutu.

Baron huyo alikuwa mtu mbaya wa vitabu vya picha. Chuma chochote alichokigusa kwa mkono wa kushoto kiliota kutu kikamomonyoka. Aliangusha madaraja, aliangusha magari moshi, na kila ubaya mkubwa alioufanya ulimla kidole kimoja cha mkono uleule. Kulikuwa pia na kapteni wa kumkamata, kijana wa meno meupe, ila huyo hatukumjali.

Vitabu vilitoka katika villa moja ya mtaa wa Golf, kwa Wazungu waliorudi kwao. Vilipita kwa mwuza karanga kabla ya kumfikia mume wangu, na mwuza karanga alikuwa amekwisha kuchana majalada yote kufungia karanga zake. Hakuna hata kimoja kilichobaki na namba yake ya mfuatano. Kila jioni nilikaa kwenye cherehani, naye akachukua chochote kilichokuwa juu, akanisomea kwa Kiswahili, kwa kuwa Kifaransa changu kiliishia darasa la tatu. Kila mtu wa kitabuni alimpa sauti yake. Jumatatu Baron alizama mtoni akafa. Jumanne alikuwa kijana ananyoa ndevu za kwanza.

"Jeannot, huyu muntu alikufa jana," nilimwambia.

"Nyamaza, Honorine. Sona nguo."

Mama hakushiriki. Jioni alikuwa akikaa uani na majirani mpaka tulipomaliza, akiamini tunasali rozari. Vitabu alivyovijua yeye maishani vilikuwa katekisimu na kitabu cha misa.

Siku ya Jumatano nilitoka sokoni nikamkuta anafunga mzigo. Alikuwa ametandika kitenge chini, juu yake nguo zake, sufuria yake ndogo, picha ya baba. Chakula nilichomwachia mchana hakukigusa.

"Mama, unaenda wapi?"

"Kasenga. Siku ya posho, kisha Salongo, kuko kamyo."

Siku ya posho ndiyo Jumamosi, na Salongo ni ile kazi ya lazima ya kufagia mitaa. Kule Kasenga nyumba yake ilikuwa imeanguka kwa mvua, dada yake wa mwisho alikuwa amezikwa mwaka uliopita, na yeye mwenyewe kifua chake hakikumruhusu hata kubeba ndoo. Nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba akipanda lori lile habari yake ya pili nitakayoipata itakuwa ya msiba. Nilimwuliza nani amemkosea. Alikunja kitenge kingine kwa utulivu ulionitisha zaidi ya kilio.

"Hakuna mwenye kunikosea. Mukwe amesema, na amesema na heshima. Hakunitazama. Alisemea ukuta, sawa muntu mwenye kulelewa muzuri."

"Alisema nini?"

Akaniambia neno kwa neno, bila hasira, kama mtu anayefikisha salamu. "Toka mu nyumba yangu, mama muzee. Nimechoka na sura yako. Chakula yangu haitoshe wewe. Rudia kwenu."

Nilimngoja Jeannot mlangoni na kifuniko cha chungu mkononi. Alipoingia nilikirusha, kikampita sikioni. Nilimwambia yote, na mengine ambayo hayakuhusika, ya tangu tulipooana. Yeye alinisikiliza na kofia yake ya kazi kichwani. Kisha akaenda kitandani, akatoa kitabu chini ya mto, akanionyesha ukurasa. Baron amesimama mlangoni, amenyoosha mkono wenye vidole vitatu. Mbele yake mwanamke mzee amejifunika shali.

"Nilikuwa najaribu sauti asubui, mbele ya kazi," alisema. "Ya kukusomea usiku. Nilizani mama yuko uani."

Akaketi. Mwanamume yule ambaye sijamwona akilia hata kwenye kilio cha baba yake mdogo, macho yake yalijaa.

"Naenda kumwambia," akasema.

"Utamwambia na kinywa gani? Ukiingia mule unamusemesha uso kwa uso, njo umemutukana kweli."

Nilikwenda mimi. Nilimwambia mama kwamba yalikuwa maneno ya kitabu. Alinipapasa shavu.

"Uko bibi yake, unamufunika. Iko muzuri, ndoa inataka vile. Lakini kitabu gani inafukuza mama ya muntu?"

Nilirudi nimeshindwa. Siku ya pili hakula tena, alikunywa maji tu. Jeannot alisema atausoma ukurasa ule kwa sauti, mama asikie kwamba kweli umeandikwa.

"Ukiusoma peke yake utamufukuza mara ya pili," nilimwambia. "Atajuaje ni nani anasema? Hata mimi sijui ju ya nini Baron anafukuza mama yake. Anza ku mwanzo."

"Mwanzo iko wapi?"

Hilo ndilo lilikuwa tatizo. Tulimwaga vitabu vyote kitandani. Tulivipanga kwa vidole vya Baron. Chenye vidole vitano mbele, kisicho na kidole mwisho, na pale alipovaa glavu tulibishana mpaka Jeannot akaona kovu la shavuni, likatuonyesha kipi kilitangulia. Tulivyokuwa tukivipanga, nilianza kumwona mtu mwingine. Siku zote nilimjua kama jambazi anayecheka juu ya madaraja. Katika vitabu vya vidole vitano hakuwa akicheka. Alikuwa mtoto.

Ijumaa Jeannot alitoka kazini saa nane, hata mikono hakunawa vizuri. Chumba cha nyuma mama alikuwa akikaza kamba ya mzigo. Jeannot alikaa chini, mgongo ukutani, akaanza kusoma kwa sauti ya katekista.

Kila kitu alikileta kwetu. Mama yake Baron akawa mjane anayeuza samaki wakavu. Baba akawa amefia mgodini. Mtoto Baron alikuwa mtoto wa adabu, mpaka siku ile fundi mmoja mwizi alipommwagia dawa mkononi, na kesho yake kijiko alichoshika kikageuka vumbi jekundu. Kamba kule nyuma ikaacha kukwaruza. Mama akakohoa, kisha nikasikia anakibana kikohozi.

"Kuku," alisema baadaye, taratibu, "ule fundi balimufunga?"

"Fagio," akajibu Jeannot, "bado. Alikimbia na gari ya moshi."

"Mm. Benye vile banakimbiaka."

Aliendelea. Daraja la kwanza, kidole cha kwanza. Kapteni wa meno meupe alipotokea, mama alifyonya. Mara tatu kuku aliulizwa mambo, mara tatu fagio likajibu, na mimi sikushona hata mshono mmoja. Kisha tukafika kitabu cha vidole vitatu. Baron amerudi ajifiche katika nyumba aliyomjengea mama yake. Anakula, analala. Akiwa usingizini mkono wake wa kushoto unagusa nguzo ya chuma ya nyumba. Paa linamwangukia mama, linamvunja mkono. Hata hivyo, asubuhi, kwa mkono mmoja, mama anamsongea mwanawe bukari, ugali wa kwetu.

Jeannot alifunua ukurasa ule. Nilitaka kumwambia auruke. Alinitazama, akausoma polepole.

"Baron anaona mukono ya mama yake yenye kufungwa. Anajua, akibakia naye, siku moja atamuua. Anajua pia kama akimwambia vile, mama hataenda. Basi anasimama pa mulango, anasema: Toka mu nyumba yangu, mama muzee. Nimechoka na sura yako. Chakula yangu haitoshe wewe. Rudia kwenu."

Akakilaza kitabu mapajani. Nje kule mtaani mtu alikuwa akitwanga, na watoto wakiimba wimbo wa chama waliofundishwa shuleni. Nilibana mikono katikati ya magoti. Kama hakuelewa sasa, hataelewa tena, na kesho watu wakimaliza kufagia mitaa nitamsindikiza mama yangu kwenye lori.

"Na ule mama," sauti ikasema nyuma ya ukuta, "alienda fasi gani?"

Hakumtaja kuku.

Jeannot alinigeukia. Mimi na yeye tulijua jibu. Mama yake Baron hakuonekana tena katika kitabu chochote. Baada ya hapo ni madaraja na magari moshi mpaka mto. Mume wangu alichukua kitabu kilichokuwa karibu na mkono wake, akakifungua katikati, mahali palipochorwa gari moshi linaanguka, akakishika mbele ya uso kama anayesoma.

"Baron anafika pale makamyo banasimama," akasema. "Anakuta mama yake anaikala juu ya muzigo. Anapiga magoti. Anasema, Mama, ile maneno haikukuwa ya kukufukuza. Nyumba iko yako. Tangu ulikuya, bibi yangu anacheka mu nyumba, na mimi natoka ku kazi mbio juu nisikie vile unasema na kuku. Mama mwenye kunizaa alikufa niko mudogo, sura yake siijue. Nikiona nguo yako pa kamba nasema, na mimi niko na mama. Usipande kamyo."

Baron hakuwa na mke. Kuku hakuna popote katika vitabu vile. Jeannot hakufunua ukurasa hata mara moja, na jasho lilikuwa likimtiririka shingoni kama mtu aliyetoka tanuruni.

Nilimpenda mume wangu wakati ule kuliko siku ya harusi, na niliogopa kuliko siku ya kufa kwa baba.

"Na mama yake," sauti ikauliza, "alijibu nini?"

Alikuwa anamwuliza yeye. Si mimi, si kuku. Jeannot alitazama gari moshi lake linaloanguka.

"Haiandikwe," akasema. "Pale inaishia."

"Basi uandike."

"Niandike nini, mama?"

Nikasikia fundo la kamba linafunguliwa, gumu, kwa vidole vya mtu asiye na haraka.

"Andika, mama yake alimujibu: mutoto yangu, niko na njaa."

Niliinuka kwenda kuwasha makaa, nikilia na kucheka pamoja, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano nikapima unga wa watu watatu.