Mgeni wa Kalmikia Nyumbani kwa Bi Ghanima

Mgeni aliangua kicheko alipomwona ngamia. Wiam, binti aliyekuwa akiongoza watalii katika kambi moja ya jangwani karibu na Al Mintirib, Oman, akamuuliza kwa Kiingereza kulikoni.

"Wa kwetu wana nundu mbili," mgeni alisema. "Huyu naona kama kakatwa nusu."

"Kwenu wapi?"

"Urusi."

Wiam alimtazama tena. Urusi yeye aliijua kwa theluji na nywele za manjano. Mwanamke huyu, jina lake Kermen, alikuwa na nywele nyeusi kama kaniki na uso kama wa watu wa Mongolia. Akaeleza kwamba anatoka Kalmikia, jimbo lililo magharibi ya Bahari ya Kaspi: nyika isiyo na miti, kondoo, ng'ombe, na kwingine mchanga mtupu. Wazee wake walihamia huko kutoka mashariki karne nyingi nyuma, na hadi leo wengi wao ni wafuasi wa Budha.

"Budha na ngamia, ndani ya Urusi!" Wiam alisema. "Lazima bibi yangu akuone."

Kesho yake watalii wenziwe Kermen walikwenda Sur, pwani, kutazama kasa. Yeye akapanda gari la Wiam mpaka Ibra, mji wa bibi yake Wiam.

Bi Ghanima, mzaliwa wa Unguja, aliitikia shikamoo ya mjukuu wake huku macho yakiwa kwa mgeni.

"Mrusi gani huyu? Hebu keti, mwanangu, tukujue."

Maswali yakamiminika, na Wiam akawa mkalimani. Baridi ya huko ikoje? Huoleana na Warusi? Hunywa nini asubuhi?

"Chai ya maziwa," Kermen alisema, "yenye siagi, chumvi na kungumanga."

"Chumvi, la haula! Lakini kungumanga wamepatia." Bi Ghanima akaenda jikoni, akarudi na kungumanga moja, akampa ainuse. "Nani kakufundisha chai hiyo?"

"Bibi yangu. Ameshafariki."

Kermen aliishika ile kungumanga, akasimulia. Bibi yake alikuwa mtoto mwaka 1943, majira ya baridi, askari walipobisha milango. Serikali ya Moscow iliwaita Wakalmiki wote wasaliti, wachanga na vikongwe pamoja. Wakapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo, wakapelekwa Siberia. Wengi walikufa kwa baridi na njaa. Waliruhusiwa kurejea miaka ya hamsini, watoto wao wakizungumza Kirusi.

"Na nyumba zao?" Bi Ghanima aliuliza.

"Nyingi zilikuwa na watu wengine."

Kermen akamwambia Wiam, "Muulize na yeye. Alikujaje huku?"

Wiam alisita. Nyumbani kwao mwaka wa sitini na nne, mwaka wa Mapinduzi ya Unguja, ulitajwa tu, kisha watu wakabadili mazungumzo. Hata hivyo akauliza.

"Nilifungasha virago usiku mmoja," Bi Ghanima alisema.

"Bibi, virago... neno hiyo siijui."

"Neno *hilo*. Mizigo ya msafiri. Shangazi yangu alikataa kuja. Alisema nyumba haiachwi. Nikapanda meli mkiwa."

"Mkiwa?"

"Mtu asiye na mtu wake wa kumshika mkono."

Wiam alitafuta neno la Kiingereza, asilipate, akayatafsiri maelezo yenyewe. Kermen aliitikia kwa kichwa. "Bibi yangu lazima alikuwa nalo neno lake," alisema, "lakini Kikalmiki changu ni kidogo. Sikumuuliza."

Jioni Wiam alimrudisha mgeni kambini, wakaagana kwa kukumbatiana. Zamu yake ilikuwa imekwisha. Chumba chake cha wafanyakazi kilikuwa pale pale, lakini hakuingia. Akageuza gari, akarudi Ibra.

Bi Ghanima alikuwa akitandika msala.

"Umesahau nini?"

"Shangazi yako, Bibi. Aliitwa nani?"

Bibi alinyoosha pembe ya mwisho ya msala.

"Wadha," alisema. "Katie udhu. Tukimaliza kuswali, nitakueleza alivyokuwa."