Lebo za Merle Hoak

"Rafiki yako Elwood amekufa, Baba. Tulimzika miaka sita iliyopita, na wewe ukala vipande viwili vya pai msibani. Sasa hizi bunduki mbili zenye jina lake nimpelekee kaburini?"

"Elwood aliomba mapema," akasema Merle Hoak. "Mtu akiomba mapema anaandikwa."

"Basi mfute."

"Nimfute vipi? Ameandikwa kwa wino."

Roxie, binti yake, akaweka bunduki mbili za marehemu upande wa dirisha, pamoja na nyingine zilizokosa mwenyewe. Upande wa dirisha ulikuwa umeshaanza kujaa. Tangu saa moja asubuhi walikuwa wamezipanga bunduki za mzee juu ya meza ya chakula na chini sakafuni, thelathini na moja, zimelazwa juu ya mablanketi kama wagonjwa wodini. Kila moja ilikuwa na lebo ya karatasi ngumu imefungwa kwa uzi, vilevile mwindaji, anayepewa moja tu kwa msimu, anavyofunga lebo kwenye sikio la kulungu aliyempiga. Kwenye kila lebo kulikuwa na jina la mrithi, kwa herufi kubwa za mwalimu.

Lebo hizo Merle aliziandika kwa siri miaka kumi na moja iliyopita, mlango wa chumba cha chini akiwa ameufunga kwa ufunguo. Alihofia watu wakijua nani kapewa nini, familia itapasuka. Alishaona ukoo mmoja ng'ambo ya mto usiosalimiana hadi leo kwa ajili ya bunduki moja ya babu yao. Kwa hiyo alinyamaza, akazifungia kwenye kabati la chuma, akasubiri kufa kwa amani.

Sasa badala ya kufa alikuwa anahama. Nyumba imeuzwa, na Jumatatu angehamia kwa Roxie, kwenye chumba cha nyuma chenye jua. Roxie alikuwa ametoa sharti moja tu: bunduki haiingii. Mzee alibisha wiki tatu, lakini hakuwa na pa kusimamia. Mwezi wa kumi alikuwa ameweka bunduki ya marisau juu ya paa la gari ili atafute funguo, akazipata, akaondoka kwenda kanisani. Mama anayepeleka barua ndiye aliyeiokota njiani, ikiwa na risasi ndani. Na huyu ndiye Merle Hoak aliyefundisha usalama wa bunduki wilaya nzima kwa miaka thelathini, na aliyewahi kumfukuza darasani mtoto wa mchungaji kwa kosa dogo kuliko hilo.

Basi asubuhi ile walianza kuwapigia simu warithi. Vita alivyoviogopa Merle havikutokea.

Duane, kifungua mimba, alipokea akiwa Arizona kwenye uwanja wa gofu. "Baba, nashukuru sana, kweli kabisa," akasema, "lakini huku niwinde nini, mijusi? Mpe Colby."

Colby, mtoto wa Roxie, yuko Philadelphia na hali nyama. "Babu, nakupenda," akasema. "Lakini naishi na wenzangu watatu na paka mmoja mwenye wasiwasi."

Denny, mume wa Roxie, aliulizwa uso kwa uso kabla ya kwenda kazini. Alitazama bunduki aliyoandikiwa, akaweka mikono mifukoni. "Ile ndefu? Mzee, mimi nilidhani ni pambo."

Wote walikataa kwa adabu, kama watu wanaopewa mtoto wa paka. Kila simu ilipokatika Merle alisema, "Yuko kazini, ana haraka, atapiga tena," na hakuna aliyepiga.

"Butch Zerbe anakuja saa tano na gari," akasema Roxie. "Zimamoto wanazitaka zote kwa bahati nasibu yao. Nusu ya hizi ulizishinda palepale ukumbini kwao. Zinarudi nyumbani tu."

"Zikapigiwe kura na watu wa mjini wanaokuja kula kuku wa bure."

"Watu wa mjini wanazitaka, Baba. Ndio tofauti yao na ukoo wako."

Alikuwa anaandika orodha kwenye daftari, jina na namba, kama alivyopenda kufanya kila jambo. Alipomaliza safu ya mwisho akarudi juu, akapitia tena kwa kidole. Duane saba. Colby sita. Denny nne. Elwood mbili. Jirani wa zamani, mbili. Fundi wa boila, ile ya kupasha nyumba joto, moja. Wengine tisa, kila mmoja moja. Akakifunga kifuniko cha kalamu.

"Ya kwangu iko wapi?"

"Ya kwako ipi?"

"Yenye jina langu. Roxanne. Unalijua, ulilichagua mwenyewe."

Merle akamtazama kama mtu anayeulizwa swali la mtego. "Si wewe unayesema bunduki haiingii nyumbani kwako?"

"Nimesema hivyo mwezi uliopita. Lebo umeandika miaka kumi na moja iliyopita. Wakati ule nilikuwa nimesema nini?"

"Hukuomba."

"Denny aliomba? Denny anaogopa mashine ya kukatia majani. Fundi wa boila aliomba?"

"Yule alikuja siku ya theluji," akasema Merle kwa sauti ndogo.

"Na mimi ninayekupeleka kwa daktari kila Alhamisi nakuja siku ya nini?"

Roxie akajisikia mpumbavu, maana hakuwa anataka bunduki. Hakuwa na mahali pa kuiweka wala muda wa kuipangusa. Lakini jambo lilikuwa limeshamkaa kooni, naye si mtu wa kumeza.

"Nilikuwa na miaka kumi na nne," akasema. "Darasani kwako tulikuwa ishirini na sita. Nani alipiga shabaha kuliko wote?"

"Wewe."

"Na kisu cha zawadi alipewa nani?"

"Mtoto wa Shaffer. Watu wangesema nakupendelea, binti yangu."

"Basi hongera, hakuna aliyewahi kusema hivyo."

Akageukia meza ili mikono ipate kazi, na kazi iliyokuwa karibu ilikuwa raifo ndogo mwisho wa blanketi. Kitako chake kilikatwa kwa msumeno zamani, kikafupishwa kwa ajili ya mkono mfupi. Hakuhitaji kuuliza ni ya nani. Verna, mama yake, alikuwa mfupi kuliko jiko. Roxie akaigeuza lebo. DUANE.

"Ya Mama umempa Duane."

"Ni mtoto wa kiume wa kwanza. Ndivyo inavyokuwa."

"Duane anawinda mijusi." Kisha akainua kidevu kuelekea ukutani, juu ya redio, pale palipotundikwa kichwa cha kulungu dume mwenye pembe za matawi kumi na moja. Kulungu yule aliwatazama wote kwa macho ya kioo tangu Roxie hajaanza shule. "Baba, yule pale nani alimpiga?"

Kila aliyewahi kula katika nyumba ile alilijua jibu: Merle mwenyewe. Hatua mia mbili, upepo wa kushoto, risasi moja. Merle alikuwa ameisimulia hadithi hiyo mbele ya wageni wasiohesabika na darasani kila mwaka.

"Mama aliniambia," akasema Roxie. "Hapo jikoni, tunasaga nyama ya soseji. Asubuhi alikuwa ameshapiga dume mdogo, akafunga lebo yake. Mchana huyu akajileta mwenyewe, naye akampiga. Lebo yake imeisha, yako ipo. Ukafunga ya kwako."

"Wangemnyang'anya leseni," akasema Merle. "Nilimkinga."

"Siku ile ulimkinga. Miaka mingine yote ulikuwa unasimulia tu."

Merle alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, ikawa chafu zaidi. Kwa miaka thelathini alikuwa akiwaambia watoto kwamba mnyama hufungwa lebo ya aliyempiga na si ya mwingine yeyote, na asiyeliweza hilo abaki nyumbani kufuma soksi.

Gari likanguruma nje. Butch Zerbe, mkuu wa zimamoto wa kujitolea, akaingia bila kubisha hodi, amebeba mablanketi ya ziada begani. Akavua kofia mbele ya meza kama aliyeingia kanisani, kisha, kama kila mgeni, akamtazama kulungu.

"Na huyu mzee naye anahama? Nisimulie kwa mara ya mwisho, Merle. Hatua mia mbili, sivyo?"

Roxie alikuwa na neno tayari mdomoni. Akalishikilia, akamwangalia baba yake.

"Sabini," akasema Merle. "Na si mimi. Verna ndiye aliyempiga. Mimi nilikuwa nyuma ya mti, najisaidia."

Butch akaitikia kwa kichwa taratibu. "Najua."

"Unajua nini?"

"Marehemu baba yangu ndiye aliyekusaidia kumburuta mpaka barabarani. Alitusimulia usiku uleule. Wilaya nzima inajua, Merle. Tunakuacha tu kwa sababu unasimulia vizuri. Ile ya upepo wa kushoto huwa tunaisubiri."

Merle akakaa kitini. Kwa muda alionekana kama mtu aliyelinda benki miaka hamsini kisha akaambiwa haikuwahi kuwa na kitu ndani. Roxie aliona aibu kucheka, akacheka kidogo kwa ndani, kisha akamwekea kahawa.

Mzee hakuigusa. Aliomba mkasi.

Akaanza na za Duane. Kata, weka pembeni. Za Colby. Za Denny. Kwa Elwood alisita kidogo, akanong'ona neno ambalo Roxie hakulisikia, akakata. Lebo zikarundikana karibu na kikombe, na kila bunduki iliyobaki bila jina Butch aliifungua chemba, akachungulia kama ina risasi, akaipeleka garini. Ilipobaki raifo ya Verna, Merle aliikata lebo ya Duane, akaigeuza upande wa nyuma usioandikwa, akaomba kalamu.

"Baba, mimi nimeweka sharti," akasema Roxie. "Denny nimemwambia. Kila mtu nimemwambia."

"Unaitaka au huitaki?"

Butch, mlangoni, akapata jambo la muhimu la kutazama nje.

"Andika," akasema Roxie.

Akaandika ROXANNE kwa herufi zilezile kubwa, N moja ikitetemeka kuliko nyingine. Vidole vyake havikuweza tena fundo, basi alishika uzi na binti yake akafunga.

Roxie akaichukua raifo. Akaelekeza mtutu sakafuni, akafungua chemba, akatazama, akaingiza kidole kuhakikisha. Kisha akachomoa chuma cha kufungia, kile ambacho bila hicho raifo ni fimbo tu, akakitia ndani ya mkoba wake na kuvuta zipu.

"Hiki hutajua kinakaa wapi," akasema. "Usiniulize, na usimuulize Denny, naye hatajua."

"Sijauliza kitu."

"Nakwambia mapema."

Butch alikuwa ametoa kitabu cha tiketi za bahati nasibu mfukoni, kwa mazoea tu, na Merle, kwa mazoea yaleyale, alikuwa ameshafungua pochi.

"Rudisha pochi, Baba," akasema Roxie, akatoka na raifo ya mama yake kuelekea gari lake mwenyewe.

"Angalia chemba tena," mzee akamwambia kwa nyuma.

Akasimama kwenye ngazi, mtutu chini, akaangalia tena.