Mlio wa Nyumba ya Borghild

...na simu nimeiziba kwa kiganja nisisikike nikipumua, maana mlio ulikuwa wa nyumba ya Borghild, miwili mirefu na mmoja mfupi, lakini kwenye waya huu mmoja wa mashamba yote nani asiyenyanyua ya mwenzake, na leo nina haki, ni Nels mumewe anapiga kutoka mpakani, alikwenda Winnipeg kuwafuata vijana wetu, Elmer wao na Arvid wangu, waliovuka mpaka kwenda Kanada kujiandikisha jeshi la mfalme wa Uingereza, vita visivyotuhusu ndewe wala sikio, “Mama Elmer, wanisikia?” “Nakusikia, sema,” na sauti inapotea, inarudi, “Arvid ninaye, yuko garini, anafakamia mkate...” yuko garini, anakula, Mungu wangu, “...walimwambia aapie mfalme, uraia wa Amerika auache, akasema siapii mfalme mimi, akatoka,” mwanangu mkaidi, ukaidi niliokuchapia ndio huo umekuokoa, hutapotea kama kaka yangu Sigurd, aliyebaki msituni Ufaransa vita vilivyopita, mwaka wa kumi na nane, na seneta wetu akaja kutueleza baadaye nani walinenepa, vita vya panzi furaha ya kunguru, kunguru wenyewe wauza mizinga, tukapiga makofi katika ukumbi wa kanisa, mimi na Borghild bega kwa bega, Ulaya waungue wenyewe, bahari inatutosha kuwa ua... “Na Elmer?” waya unavuma, “Elmer kashaapa,” na mimi nafurahi, nasema kweli nafurahi, heri wake kuliko wangu, “Soksi nene alichukua?” anauliza Borghild, hilo tu, “Sijui, mama,” na sauti ya Nels inakatika, nami niweke simu polepole, nijifanye sikusikia kitu, si yangu, bahari inatosha... bahari gani, moshi wa jiko lake nauona dirishani hapa, ng'ambo ya shamba moja la ngano, na hajaweka simu, anapumua, nami siweki, tunapumua wote wawili, “Ragna,” anasema, “najua upo, wako anarudi, mwekee chakula cha moto,” na ile furaha haiondoki, imekaa palepale kifuani, ila sasa ina aibu ya kula peke yake, naondoa kiganja kwenye simu, “Namwekea, Borghild, nawe usikae huko peke yako, njoo tumngoje wote.”