Bi Mvuke Achagua Alikotoka

Mkono wa kushoto wa Bi Mvuke uligoma asubuhi moja akifunga vifungo vya gauni lake. Haukuuma wala haukutetemeka. Ulikataa tu, kama mtoto aliyesusa. Hospitali wakasema ni kiharusi, tena chepesi, ashukuru. Akashukuru. Lakini miezi minne baadaye vidole vilikuwa bado vimejikunja, na kidole gumba kimelala kiganjani, hakitaki kusikia la mtu.

Jina hilo la Mvuke alipewa na wenzake wa kazi. Kwa miaka arobaini na tano alikuwa dobi wa hospitali hiyohiyo, katika chumba cha chini kabisa kisicho na dirisha, penye mapipa ya kuchemshia mashuka na mashine za kunyooshea zilizofuka mvuke hata mwenzako akiwa hatua tatu mbele humwoni. Mkuu wa mapipa alikuwa yeye. Sasa alikuwa mstaafu, mjane, mwenye umri wa miaka sitini na sita, na kila Jumanne na Ijumaa asubuhi binti yake alimleta ghorofa ya tatu, kwenye chumba cha mazoezi, akamwacha hapo na kuwahi kazini.

Mtaalamu wa viungo alikuwa kijana mrefu, mpole wa sauti, asiyekata tamaa upesi.

"Hii mipira ya kuminya imenichosha, mwanangu," Bi Mvuke alimwambia siku moja. "Naminya kama nakamua ndimu iliyokauka."

"Basi leo hatuminyi. Leo utacheza gemu."

"Gemu ni la wajukuu."

"Padi yake ina vitufe vingi, mama, na vya upande wa kushoto vinataka kidole gumba. Mimi nakitafuta hicho kidole tu. Mengine ni yako."

Akamfunga padi mkononi kwa utepe laini ili isimponyoke, akawasha runinga kubwa iliyokuwa ukutani. Kikatokea kiwanja chenye ukungu, na katika ukungu ule watu sita wamesimama wakimpa mgongo. Juu yao yakajiandika maneno taratibu: *Kabla ya hadithi kuanza, wewe ulikuwa nani?*

Bi Mvuke aliyasoma mara mbili, midomo ikicheza.

"Ananiuliza mimi?"

"Anakuuliza wewe."

"Anataka nimwambie nilikuwa nani, au nachagua?"

"Unachagua. Ukishachagua, dunia yote humo ndani itakuchukulia hivyo. Utaanzia kwao huyo mtu, utajua anayoyajua yeye, na watu watakuita kwa kazi yake."

Bi Mvuke akayatazama tena yale maneno. Mama yake alikuwa dobi. Alipomaliza darasa la saba mama alimshika mkono, wakashuka ngazi pamoja, akampa aproni, mambo yakawa hivyo. Hakuwahi kulalamika, wala hakuona pa kulalamikia. Ila hakuwahi kuulizwa. Na sasa swali lilikuwa mbele yake, herufi kubwa kama mkono, na aliyeuliza alikuwa anasubiri bila haraka.

Akasukuma kijiti cha kulia cha padi kwa ule mkono mzima. Mtu wa kwanza akageuka na kumtazama usoni. Askari aliyetoroka jeshi, maandishi yakasema. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka.

"Wanapumua," Bi Mvuke akasema kwa sauti ndogo.

Jirani yake kwenye baiskeli ya mazoezi alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, aliyevunjika nyonga kwa kuteleza bafuni. Alikuwa mtu wa maneno mengi na utani usiokwisha.

"Dada, chagua yule mwenye taji," alisema akikanyaga pedali. "Uwe binti wa mfalme, nije kukuposa."

"Na mkeo?"

"Mke wangu atasimamia harusi. Shughuli anazipenda sana."

Bi Mvuke alicheka mpaka padi ikatikisika, lakini hakuchagua. Aliwapitia wote, mmoja mmoja, akirudi na kurudia: mwindaji, mtumishi wa ikulu, mtoto aliyelelewa na wezi, msoma nyota. Kila mmoja aligeuka, akamtazama, akangoja. Nusu saa ikaisha. Mtaalamu alidhani hajaelewa, akataka kumwonyesha tena.

"Nimeelewa," Bi Mvuke akasema. "Ndiyo maana nachelewa. Hili si jambo la kukurupuka."

Ijumaa alikuja amekata shauri. Akachagua binti wa mfalme, kwa kuwa mwalimu hakumpa raha, na yeye mwenyewe alitaka kujua.

Ukungu ukafunguka. Alikuwa ndani ya chumba chenye dari ya juu mno, madirisha marefu, na nje yake milima yenye theluji ikipokea jua. Aligeuka huku na huku mdomo wazi. Mapazia yalikuwa yanapepea, zulia lina maua ambayo hayakurudiwa hata moja. Kisha akafika kitandani, akasimama.

"Hebu angalia hiyo pembe," akasema.

"Pembe ipi, mama?"

"Ya shuka. Imekunjwa kwa mshazari na kuchomekwa chini. Huo mkunjo haujui mtu asiyewahi kutandika kwa kazi." Akasogea karibu zaidi. "Aliyetandika hapa yuko wapi?"

Gemu lilikuwa linamtaka aende kwa mfalme, mshale wa dhahabu ukimwelekeza mlango mkubwa. Bi Mvuke hakuwa na habari na mshale. Alitoka kwa mlango mdogo wa nyuma, akashuka ngazi, akapita jiko lenye masufuria ya shaba, akashuka tena. Mawe yakawa meusi, taa zikapungua. Mwisho wa ujia palikuwa na mlango wa mbao, na chini ya mlango mvuke ulikuwa unatoka.

Mtaalamu, aliyelijua gemu lile miaka mitatu, akasogeza kiti. "Huku sijawahi kufika."

Bi Mvuke akafungua. Mapipa yalikuwepo, makubwa, yanatokota. Kamba zilikuwepo, na mashuka yaliyoning'inia mazito kwa maji. Kulikuwa na wanawake wanne wenye mikono ya nguo iliyokunjwa hadi kwenye kiwiko, na mmoja alikuwa anakoroga pipa kwa mti mrefu, mguu wa kushoto mbele, mgongo umelala kidogo kulia ili kiuno kisichoke.

Bi Mvuke aliukazia macho ule mguu. Mahali fulani mtu asiyemjua, katika ofisi asiyoijua, alikaa akafikiri kwamba mashuka ya ikulu lazima yafuliwe na watu, akawatafutia chumba, akawawekea mapipa, akauweka hata ule mguu mahali pake. Aliyafanya yote hayo mwisho wa ngazi ambazo pengine hakuna mtu angezishuka.

"Nani kawaambia?" akauliza.

"Waliotengeneza? Sijui, mama. Labda walimwuliza mmoja wenu."

"Basi aliwaambia kweli."

Akapiga hatua kuingia. Wale wanawake wakamwona. Maongezi yakakatika, mti ukaachwa ndani ya pipa, wote wanne wakapiga magoti juu ya sakafu yenye maji.

"Waambie wainuke," Bi Mvuke akasema. "Kitufe cha kuwaambia wainuke ni kipi?"

Mtaalamu akatafuta, akapitia vyote. "Hakipo."

Bi Mvuke alirudi nyuma taratibu, akaufunga mlango.

Jumanne iliyofuata akauliza kama mtu anaruhusiwa kurudi mwanzo. Anaruhusiwa, akaambiwa. Wale sita wakarejea katika ukungu wao, na mtaalamu, kwa nia njema, akamsogezea mtumishi wa ikulu.

"Ukiwa huyu, mama, wale watazungumza nawe."

"Najua watazungumza nini. Viatu vinavyopitisha maji na mawifi wasiokubali kitu." Akatabasamu. "Nawapenda, mwanangu, usinielewe vibaya. Lakini kule nimeshakaa miaka arobaini na tano, na sipendi kupigiwa magoti wala kuyapiga. Nipeleke kwa yule mwenye darubini."

Msoma nyota alianzia kileleni mwa mnara, katika chumba cha duara, giza tupu. Palikuwa na gurudumu la chuma ukutani, na maandishi yakamwelekeza: bonyeza kitufe cha kushoto usikiachie, huku ukizungusha kijiti.

"Hiki ndicho kitufe nilichokuwa nakisubiri," mtaalamu akasema.

Kidole gumba kilikuwa kimelala. Bi Mvuke akajaribu, kikatikisika kidogo na kulala tena. Akajaribu mara ya pili, ya tano. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Baiskeli ya mwalimu ikasimama. Kisha kidole kikanyanyuka, chembamba, kinatetemeka, kikatambaa juu ya plastiki kama mdudu anayepanda ukuta, kikafika, kikabonyeza. Gurudumu likalia. Paa la mnara likapasuka katikati na kuanza kufunguka.

Nyota zikaingia. Hazikuwa kumi wala mia. Zilikuwa mavumbi ya mwanga yaliyomwagika kutoka upeo hadi upeo, nyingine za bluu, nyingine nyekundu kama kaa la moto, na katikati mkondo mweupe uliokuwa unasogea polepole mno hata ilibidi utulie kuuona. Chini yake dunia nzima ililala, mito inang'aa kidogo, miji ni punje za taa. Mzee aliyekuwa anashikilia vyuma vya kutembelea alisimama palepale, shingo juu.

"Mama, kidole," mtaalamu akanong'ona. "Umekishikilia dakika nzima."

"Ngoja kwanza," akasema Bi Mvuke. "Natazama."

Chini ya mnara kengele ikalia. Mwanamke mwenye vumbi usoni akapanda ngazi, nyuma yake sauti za wanyama na watoto wa msafara. Hakupiga magoti. Alimtazama macho kwa macho. "Msoma nyota," alisema, "visima vimekauka na jangwa liko mbele. Tufuate nyota ipi?"

Bi Mvuke hakujua. Lakini mezani palikuwa na kitabu kikubwa chenye michoro ya anga, naye alikuwa na mwalimu wa jiografia jirani yake, ambaye aliteremka baiskeli, akaomba kalamu na kuvuta kiti. Waliifanya kazi hiyo wiki tatu, wakibishana kuhusu kaskazini, wakipoteza njia na kuirudia.

Ijumaa msafara ulipofika majini, binti yake alikuja kumchukua, akamkuta amekaa wima na macho yanamng'aa.

"Leo mmefanya nini, mama?"

"Nimewavusha watu jangwa," Bi Mvuke akasema. "Weka mkoba chini, mwanangu. Kaa nikueleze."